Tuwajibu kwa ukweli wanaotutumia rekodi zao za kuimba

Ndugu Mhariri,

Ninaomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo wanakwaya wengi tunalifanya kila wiki bila kulitafakari. Siku hizi mwimbaji wa kawaida, asiye na studio wala mwalimu wa sauti, hujifungia chumbani jioni, akarekodi ubeti mmoja na kiitikio kwa simu yake, akautuma katika kundi la WhatsApp la wenzake na kuandika chini yake: “Naombeni maoni.” Kabla dakika tano hazijaisha, majibu yamekwisha kumiminika: picha za mikono inayopiga makofi, “Hongera mtumishi,” “Barikiwa sana,” “Kazi nzuri.” Ninayaheshimu mapenzi yaliyomo ndani ya maneno hayo. Hata hivyo, mtu huyo hakuomba baraka, ambayo angeipata Jumapili kanisani, bali aliomba masikio yetu, na sisi tukamnyima.

Ninasema hivi kwa sababu yamenikuta. Nimeimba sauti ya tatu, yaani teno (ya kwanza ni soprano, ya pili ni alto na ya nne ni besi), kwa miaka 16, na katika miaka ya mwanzo nilikuwa nikizifikia nota za juu kwa kulikaza koo. Nilipokaribia E na F zilizo juu ya C ya katikati ya kinanda, mahali ambapo wanaume wengi wa sauti ya tatu huhisi sauti ikitaka kuhama kutoka kifuani kwenda kichwani, niliinua kidevu, nikaukaza ulimi na kusukuma kama mtu anayepandisha baiskeli yenye mzigo mlimani. Aliyetufundisha wakati huo aliusifu msukumo huo na kuuita sauti ya kiume. Nilituma rekodi nyingi kwa wenzangu na sifa nilizipata. Baada ya mazoezi ya Pasaka ya mwaka mmoja sauti ilikauka, na kwa kuwa mimi pia ni mwalimu wa shule ya msingi, ninayesimama mbele ya darasa lenye watoto zaidi ya 80, niliendelea kuipaza mchana sauti ileile iliyochoka na kuimba nayo jioni. Katika wiki ya tano daktari wa masikio, pua na koo alinipitishia kamera nyembamba na kunionyesha kwenye skrini nyuzi zangu za sauti, nyekundu na zilizovimba kingo. Alinieleza kwamba nyuzi hizo hugusana na kuachana takriban mara 100 kila sekunde mwanamume anapozungumza kawaida, na kwamba katika nota zile nilizokuwa nazisukuma zilikuwa zikifanya hivyo zaidi ya mara 300. Nilikaa miezi miwili bila kuimba.

Wakati wa mapumziko hayo nilizisikiliza tena rekodi zangu za zamani, moja baada ya nyingine, na kasoro ilikuwa wazi katika kila moja. Wenzangu karibu 40 walikuwa wameisikia kabla yangu. Mimi nilipokuwa naimba nisingeweza kuisikia vizuri, kwa sababu sauti ya mtu humfikia yeye mwenyewe kwa njia mbili, kupitia hewani na kupitia mifupa ya fuvu lake, na ile ya mifupa humwongezea uzito ambao msikilizaji haupati; ndiyo maana karibu kila mtu hushtuka anapoisikia sauti yake kwenye kinasa kwa mara ya kwanza. Rekodi basi ni chombo cha kumpa mwimbaji sikio la nje, na sikio hilo likinyamaza, au likasifu tu, rekodi haina kazi.

Maoni ya kwanza ya kweli niliyapata kwa dada mmoja wa sauti ya pili, aliyehamishiwa Songea kikazi na kubaki katika kundi letu. Aliniandikia pembeni, si mbele ya wote: “Kaka, pole na majukumu. Nimesikiliza mara tatu. Sekunde ya 14, kabla ya neno Mfalme, nasikia unavuta hewa kwa kelele, nadhani mabega yanapanda. Halafu ‘fal’ imeanzia chini kidogo ukaivuta juu. Vuta hewa kimya, mbavu za pembeni zifunguke, legeza taya, kisha nirekodie mstari huo peke yake.” Nilisimama mbele ya kioo cha kabati, viganja vikiwa mbavuni, nikaimba mstari ule. Mabega yalipanda kweli, tena sana. Rekodi niliyomrudishia usiku huo ilikuwa ya sekunde 9, naye akajibu kwa maneno machache: “Sasa hewa imetulia. Taya bado.” Katika miaka yote niliyoimba, sikuwahi kupewa maneno yaliyonisaidia kuliko hayo.

Tazama alivyofanya. Alisikiliza zaidi ya mara moja, akataja mahali, akasema alichokisikia kabla ya kusema anachokidhani, akanipa jambo la kujaribu, kisha akasubiri asikie matokeo. Mtu wa kwaya hahitaji shahada ya muziki ili afanye hivyo. Tena kwaya zetu nyingi bado zinasoma nota za do, re, mi zilizoandikwa kwa herufi d, r, m, mfumo uliojengwa Uingereza katika karne ya 19 na John Curwen juu ya kazi ya Sarah Glover, na ukafika kwetu kwa mikono ya wamisionari. Anayezijua nota hizo hana sababu ya kuandika kwamba “hapo katikati hapajakaa sawa.” Anaweza kuandika kwamba “la” ya pili katika mstari wa tatu imeshuka, au kwamba hatua ya kutoka “mi” kwenda “fa” imekuwa pana mno, kosa ninalolisikia mara nyingi, kwa kuwa nafasi iliyopo hapo ni nusu tu ya ile iliyopo kati ya “re” na “mi”.

Nilikulia Tanga, jirani na madrasa, na mpaka leo ninakumbuka jinsi mtoto alivyosoma mbele ya ustadhi wake. Wenyewe hawaiiti kazi ile kuimba, nami sitaki kuichanganya na kwaya; ninachokikumbuka ni namna ya kusahihisha. Ustadhi alimsimamisha mtoto kwenye herufi ileile aliyoikosea, akamwonyesha inapotokea, kooni au kwenye ncha ya ulimi, akamtaka airudie, na hakumruhusu aendelee mpaka herufi imekaa mahali pake. Hakuna mzazi aliyeona kwamba mtoto wake ameaibishwa. Walijua kwamba anafundishwa.

Sikio la mwenzako linahitajika zaidi katika nyimbo za Kiswahili, kwa sababu lugha yetu ina mambo yake mdomoni ambayo mwalimu wa kigeni unayemtazama kwenye video hatayagusa. Neno “mtu” lina silabi mbili, na ya kwanza ni “m” peke yake. Ndivyo ilivyo katika “mfalme”, “mchungaji” na “mkono”. Mtunzi anapoipa “m” hiyo nota yake, mwimbaji analazimika kuimba midomo imefungwa na sauti ikipita puani, jambo ambalo wengi hulikwepa kwa kuchomeka “u” na kuimba “mufalme”, na wengine huimeza “m” yote hata neno likabaki bila kichwa. Kilichonisaidia mimi ni kuianza “m” ikiwa tayari juu ya nota yake, meno yakiwa yameachana ndani ya midomo iliyofungwa, ili kinywa kibaki na nafasi. “Mbingu” lina taabu nyingine: hapo “m” si silabi, lakini tukipewa nota ndefu mwanzoni tunawahi kufunga koo na kuimba “mbiiing-gu”, wakati “i” ndiyo iliyopaswa kushikiliwa mpaka mwisho wa nota, “ngu” ikaanza pamoja na nota inayofuata. Haya yanasikika waziwazi katika rekodi ya mtu mmoja. Katika sauti za watu 30 zinazoimba pamoja hupotea, na mhusika akaendelea na kosa lake kwa miaka.

Inafaa pia anayerekodi atusaidie tumsikie. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp umetengenezwa kwa ajili ya maongezi; hubana sauti ili faili liwe dogo, na simu nyingi zenyewe hupunguza panapopaa na kuinua panaponyamaza, hata ukashindwa kujua kama mwimbaji alikuwa akipandisha sauti taratibu kama alivyokusudia mtunzi. Ni afadhali kutumia programu ya kurekodi iliyomo kwenye simu na kulituma faili kama hati. Simu iwekwe hatua moja au mbili mbele ya mwimbaji, isishikwe mdomoni, na chumba kiwe chenye godoro, pazia na nguo, kwa sababu bafuni kila mtu huimba vizuri na mwangwi huficha kila kitu. Aseme pia anachotaka tukisikilize, iwe ni pumzi, matamshi au nota fulani. Anayesema tu “maoni jamani” huwapa wasikilizaji nafasi ya kukwepa.

Sasa nilitaje lile linalowafanya wengi waogope kutuma rekodi zao, kwa kuwa nimeliona likimuumiza binti mmoja. Rekodi yake, aliyoituma kwa watu aliowaamini, ilitolewa nje ya kundi na kusambazwa kwa ajili ya kuchekwa, sauti yake ikiwa imepasuka kwenye nota ya mwisho. Hajaimba tena tangu siku hiyo. Rekodi ya mazoezi ni mali ya aliyeirekodi, na anayeipeleka kwingine bila ruhusa anafaa kuondolewa katika kundi siku hiyohiyo, hata kama ni mzee wa kwaya. Sioni kwamba kuna la kujadili hapo.

Yapo pia maoni yanayotolewa kwa nia njema ambayo hayana msaada. Kila sauti ikikwama, tunaambiana tumeze mayai mabichi, tutafune tangawizi au tunywe asali. Ninaipenda chai ya tangawizi na sitaiacha, lakini chakula na kinywaji hupita kwenye umio na havizigusi nyuzi za sauti, ambazo zimo katika njia ya hewa. Kama yai lingezigusa, mtu angepaliwa. Anayekaukiwa sauti kwa zaidi ya wiki tatu au nne aambiwe aende kwa daktari, na kabla ya hapo aambiwe apumzike na anywe maji.

Ugumu mwingine ni wa adabu zetu, na sitaki tuupuuze. Kijana wa miaka 20 anawezaje kumwambia baba mwenye umri wa kumzaa kwamba anashusha nota? Katika kundi letu tumekubaliana kwamba anayetuma rekodi ametoa ruhusa ya kusahihishwa, na kijana huanza kwa shikamoo, akaomba radhi, kisha akasema kama ilivyo. Mzee mmoja wa sauti ya nne, tuliyedhani atakasirika, alimjibu mjukuu wake wa kikwaya kwa kurudia mstari uleule mara nne usiku mmoja.

Wapo wanaosema kipaji hakisahihishwi, kwamba mwenye sauti huzaliwa nayo. Siti binti Saad alikuwa na sauti ya kuzaliwa nayo, na bado alipotoka Fumba na kuingia mjini Unguja alikubali kufunzwa na wanamuziki aliowakuta huko. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay ili sauti hiyo inaswe kwenye santuri. Sisi tunainasa kwa kugusa kioo cha simu, na kisha hatuna la kuambiana.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Kurasa zako za burudani hueleza wanamuziki wenye majina wamekwenda wapi na wamevaa nini. Ninaomba nafasi ndogo kila wiki, ambayo walimu wa muziki, madaktari wa koo na waimbaji wazoefu wa kwaya, taarab na kaswida watajibu maswali ya waimbaji wa kawaida. Swali la kwanza ninalo tayari. Katika kwaya yetu yupo mvulana wa miaka 14 ambaye sauti yake imeanza kuvunjika. Mpaka mwaka jana aliimba sauti ya pili, sasa baadhi yetu wanataka ahamie sauti ya nne mara moja na wengine wanataka anyamaze kwanza. Jumapili alitutumia rekodi. Kuanzia sekunde ya 20 sauti inakatika kila anapovuka “sol”, kisha anakohoa, kisha anajaribu tena. Amejibiwa “Barikiwa” 23, na mimi, ambaye si mjuzi wa sauti za wavulana wa umri huo, ningependa asome jibu la anayejua.

Wako,
Mwanakwaya wa sauti ya tatu,
Morogoro