Risala ya Klabu ya Satelaiti Ndogo kwa Mgeni Rasmi, Dodoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uongozi wa chuo, wahadhiri wetu, wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Karibu sana Dodoma. Tunajua majukumu yako ni mengi, ndiyo maana hatukujali kusubiri tangu asubuhi.

Historia tuipitie mbiombio. Satelaiti za mchemraba wa sentimita 10 zilibuniwa Marekani mwaka 1999 ili wanafunzi wa vyuo nao wajenge chombo na kukirusha. Ghana ilirusha yake 2017, Kenya 2018, Rwanda 2019, Uganda na Zimbabwe 2022. Sisi majirani tumepiga makofi kila mara.

Mafanikio yetu ni makubwa. Fremu ya aluminiamu ya satelaiti yetu imekamilika, na paneli nne kati ya sita zinachaji betri. Kwa antena ya bomba la plastiki na vipande vya tepu ya kupimia ya fundi, tumenasa sauti kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga kwenye megahezi 145.800.

Mheshimiwa, changamoto ni nyingi ila ombi ni moja: kituo cha mawasiliano cha ardhini. Satelaiti iliyo kilomita 400 juu huzunguka dunia kwa dakika 90 hivi, na ikitupitia vizuri tunaiona dakika 10 tu. Kwa sasa mwanafunzi mmoja husimama juu ya paa ameshika antena, mwenzake akimsomea nyuzi za mwelekeo kwenye simu. Mkono ukichoka, mawimbi yanapotea. Yakinaswa, hukutana na kebo nyembamba ya mita 30 ambayo kwenye megahezi 437, masafa ya satelaiti ndogo nyingi, hula desibeli kama 10. Katika sehemu kumi za nguvu inafika moja. Kuweka kikuza mawimbi huku chini hakusaidii, kwani kinakuza na kelele. Kinatakiwa kiwe juu, jirani na antena.

Kwa hiyo tunaomba mlingoti wa mita 6 wenye ethi, maana mvua zetu huja na radi, antena za Yagi, zile za vijiti kama za televisheni, zilizopishana msalaba, kwa kuwa satelaiti hujiviringisha na mawimbi yake hugeuka nayo, kikuza mawimbi, kebo nene, betri na inveta, kwani umeme ukikatika dakika ya nne, sita zilizobaki hazirudi. Zaidi ya yote, mota ya kugeuza antena kwa upande na kwa kwenda juu, iliyozibwa isiingie vumbi. Tafadhali tusiletewe mlingoti peke yake. Bila mota ni nguzo ya kuanikia nguo.

Ombi hili si geni. Mgeni rasmi mmoja aliyetangulia aliahidi mlingoti, nasi tukamwaga zege la msingi wiki ileile. Msingi upo nyuma ya karakana. Utaupita ukielekea kwenye chakula. Aliyemfuata alituachia fulana, ndizo tulizovaa leo, na tunamshukuru.

Ankara kifani za wauzaji watatu tumeziambatisha. Katibu wetu, aliyeketi mstari wa mbele, ana daftari la ahadi, na safari hii ameongeza safu ya tarehe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.