Shukran yule kijana wa tuktuk wa Kongowea

Wewe mwanangu wa tuktuk uliyenibeba juzi jioni mpaka Kongowea, jina sikukuuliza na nambari nikasahau kuchukua, nakushukuru sana wallahi. Redioni alikua mwalimu wa chuo kikuu anaeleza vile 1928 wakoloni walifanya mkutano hapa hapa Mombasa wakachagua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita chetu cha Mombasa kikawekwa kando, na mie nishafika na yeye hajamaliza. Ukaniangalia kwa kioo ukasema "tulia mamangu, amalize kwanza", ukazima injini, redio ukaiwacha. Dakika kumi nzima tuko ubavuni mwa soko, harufu ya vitunguu, makanga wanakupigia kelele utoe tuktuk, wewe kimya waongeza sauti tu. Alipotaja maneno ya Kimvita, "mato" yaani macho na "ndoo" yaani njoo, ukacheka ati ndo vile nyanyako huongea, na mimi skuli nilichapwa kwa kuandika "ndia" badala ya "njia", kumbe sikua mjinga bana! Na nauli ukachukua ile ile tuliyopatana. Mie niko hapo sokoni upande wa nazi, ukipita simama unywe kahawa.