Malalamiko kuhusu kadi iliyochomolewa seva ikiwa inafanya kazi

Idara ya Kompyuta,
Chama cha Akiba na Mikopo,
Morogoro.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KADI YA MTANDAO KUCHOMOLEWA SEVA IKIWA INAFANYA KAZI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumatatu iliyopita, saa nne na robo asubuhi, fundi wenu alichomoa kadi ya mtandao kwenye seva yetu ya hifadhidata huku seva ikiwa imewaka. Iliganda papo hapo. Baada ya dakika chache ikajiwasha upya, lakini hifadhidata ikakataa kufunguka. Ilikuwa mwisho wa mwezi na ukumbi umejaa. Mzee mmoja alikuja kutoa fedha za mgonjwa wake aliyelazwa. Alikaa kwenye benchi mpaka saa kumi jioni mfumo uliporudi kazini. Makarani wawili walibaki hadi usiku wakiingiza upya miamala ya asubuhi kutoka kwenye risiti za karatasi.

Sitaki fundi huyo aadhibiwe. Alifika kwa wakati, alivaa mkanda wa kuzuia umeme tuli, na alifuata neno kwa neno karatasi mliyompa. Nilipomuuliza kama ana hakika, alinionyesha karatasi hiyo, nami nikakubali kwa sababu ina nembo yenu. Nimebaki na nakala. Ina hatua tatu tu: ondoa kadi kwenye mfumo, fungua kifuniko, chomoa. Ninachokilalamikia ni karatasi hiyo.

Kadi yetu ina milango miwili ya kuchomekea nyaya. Linux, mfumo endeshi wa seva yetu, huiona kadi ya namna hiyo kama vifaa viwili, na kwetu vilikuwa 3b:00.0 na 3b:00.1. Mlango wa kwanza ndio uliokufa. Wa pili ulikuwa mzima, na ndio ulioiunganisha seva na kabati la diski. Fundi aliandika 1 kwenye faili la remove la kifaa cha kwanza, kikatoweka kwenye orodha ya lspci, amri inayoonyesha vifaa ambavyo Linux inaviona, akaamini kadi yote imeondoka. Kumbe nusu yake ilikuwa bado inapitisha akaunti za wanachama. Kadi ikichomolewa ghafla namna hiyo, kila ambacho draiva (programu inayoendesha kifaa) inajaribu kusoma kutoka kwake hurudi kikiwa biti zote ni 1, na draiva ambayo haikuandikwa kulitazamia hilo inaweza kuiangusha seva nzima. Karatasi yenu haina hata mstari mmoja wa kumwambia fundi ahesabu milango ya kadi, ahamishe kazi zake, au afunge diski zinazopitia humo.

La pili ni zito zaidi. Kukiondoa kifaa kwenye orodha ya Linux si kukata umeme. Kerneli, yaani kiini cha Linux, imeacha kuzungumza na kadi, basi. Sloti, tundu ambamo kadi huchomekwa, inaweza kuwa bado inaipa volti 12 na volti 3.3. Sloti za PCI Express zilizotengenezwa kwa kazi hii zina njia yake. Unaandika 0 kwenye faili la power la sloti husika ndani ya /sys/bus/pci/slots, au, kama sloti ina kitufe, unakibonyeza. Taa ya kijani huanza kumweka, na una sekunde 5 za kubonyeza tena ukighairi. Kisha mfumo humalizana na kadi, umeme wa sloti hukatwa, na taa huzimika. Taa ikishazimika ndipo mkono uiguse kadi, si kabla.

Sloti yetu haina kitufe wala taa, na nilipoikagua jioni ile sikukuta faili la power. Jibu lilikuwa moja tu: kuzima seva usiku. Tungekubali bila ubishi, kwani mkataba wetu na ninyi unaruhusu kazi za usiku.

Lakini kipeperushi mlichotuuzia seva hii kinasema vipuri vyake hubadilishwa bila kuzima. Kwa diski za mbele na pawasaplai ni kweli, nimezibadilisha mwenyewe. Kwa kadi zilizo ndani ya seva yetu si kweli, na neno hilo moja, vipuri, limeyachanganya mambo mawili yasiyofanana. Mnunuzi hawezi kulijua hilo kwa kusoma kipeperushi. Fundi wenu naye hakulijua.

Kadi ile sasa haionekani hata tukiipeleka kwenye sloti nyingine, kwa hiyo mlango uliokuwa mzima nao umekwenda. Tunaomba kadi mpya kwa gharama yenu, na ankara ya ziara hiyo mliyotuletea Jumatano ifutwe. Tunaomba pia maelezo ya maandishi, sloti kwa sloti, kuhusu seva zote 3 tulizonunua kwenu: ipi inaruhusu kadi kutolewa seva ikiwa imewaka na ipi hairuhusu. Haya tuyapate ndani ya siku 14. Fundi atakayekuja kufunga kadi mpya aje usiku, nami nitakuwepo kuizima seva mwenyewe.

Kuhusu karatasi, siwezi kusubiri siku 14. Fundi aliniambia kuwa wiki hii anazungukia wateja wengine akiwa nayo mkononi, na sijui seva zao zimebeba nini. Naomba muiondoe kwa mafundi wote leo, kabla hata ya kuijibu barua hii.

Wenu katika kazi,

Msimamizi wa Mifumo ya Kompyuta

Nakala: Meneja Mkuu wa Chama