Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu Wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji, nawasilisha taarifa ya mwaka unaomalizika. Mapato na matumizi yamo katika taarifa ya mweka hazina, nami sitayarudia.

Mjadala uliotuchukulia muda mwingi ulihusu tishu za binadamu zinazooteshwa maabara, na kiasi gani zinaweza kutueleza jinsi kinga ya mwili inavyopambana na vimelea. Kwamba tunazihitaji, hakuna aliyebisha. Panya huitambua profilini, protini ya kimelea kiitwacho toksoplazma, kwa vipokezi vya seli zake viitwavyo TLR11 na TLR12, ambavyo kwa binadamu havifanyi kazi, kwa hiyo anayemtegemea panya katika jambo hilo huishia kueleza kinga ya panya. Tangu maabara ya mtafiti Hans Clevers, mjini Utrecht, Uholanzi, ilipootesha oganoidi (vijitishu vinavyoiga kiungo) za utumbo wa panya kutokana na seli shina moja, yaani seli inayoweza kuzalisha seli za aina nyingine, mwaka 2009, njia imefunguka. Na mwaka 2018 ilithibitishwa kuwa kriptosporidiamu, kimelea kilichowasumbua watafiti kwa miaka mingi kwa kukataa kukuzwa nje ya mwili, hukamilisha mzunguko wa maisha yake ndani ya oganoidi za binadamu.

Hata hivyo, oganoidi ya kawaida ya utumbo ni seli za utando wa juu tu: haina mishipa ya damu wala neva, na seli za kinga hazimo mpaka ziongezwe. Uso unaopaswa kukutana na kimelea umegeukia ndani, hivyo ni lazima kukidunga humo kwa sindano nyembamba mno, au kuitandaza tishu iwe bapa. Jeli inayotumiwa sana kuishikilia, nayo, hutokana na uvimbe wa saratani ya panya. Kumbe yule tuliyedhani tumemuaga bado yumo chumbani.

Kubwa zaidi ni asili ya seli za kinga zinazoongezwa. Seli T, ambazo ni aina mojawapo ya seli za kinga, zikitoka kwa mtu mwingine, zaweza kuishambulia tishu kwa sababu tu ni ngeni kwao, na mtafiti akadhani kimelea ndicho kilichozichochea. Kwa hiyo Kamati imependekeza kwamba kila andiko linalowasilishwa katika mikutano yetu litaje aina ya seli hizo na kama zimetoka kwa mtu yuleyule aliyetoa tishu, na lionyeshe matokeo ya tishu iliyowekewa seli hizo bila kimelea. Baadhi yenu mlilalamika kwamba sharti hili litawaelemea wenye maabara ndogo. Hoja hiyo ni ya haki, lakini jaribio lisilo na ulinganisho huo haliwezi kusomeka.

Pendekezo litapigiwa kura katika Mkutano Mkuu.

Mwenyekiti