Kaka, wifi hakunipa ishara

Kaka yangu,

Ujumbe wangu huujibu, na simu ukiona jina langu unampa mtoto apokee. Basi nimeamua kuandika hapa, maana najua hapa hupiti bila kusoma. Wengine mtakaopita mnisamehe, haya ni ya ndani.

Nimekukumbuka. Tangu uache kuja, jioni zetu zimepwaya. Kwenye ludo watoto wanagombania dadu na hakuna wa kuwaamua. Drafti nacheza na mwenye nyumba. Ananifunga, lakini hanifungi kama ulivyokuwa ukinifunga wewe, unagonga kete kwa kishindo halafu unaniuliza, "Umeona?" Nilikuwa sioni kitu, nawe unazirudisha kete zote nyuma unanionyesha upya, hata usiku ukiwa mwingi. Na karata ni wewe uliyenifundisha. Ree alama 11, saba 10, mfalme 4, ghulamu 3, malkia 2, kwa aina zote nne jumla 120, mwenye 61 kashinda. Ulikuwa ukinikalisha nyuma yako na kuniambia, "Usitazame zangu, tazama zinazoanguka."

Sasa nisikilize, maana usiku ule wa karata, mimi na wifi, mkeo, upande mmoja, wewe na rafiki yako upande wa pili, hukunipa nafasi ya kusema.

Turufu, ile aina inayokula nyingine zote, ilikuwa shupaza, na shupaza ziko 10. Wifi alipoongoza yake ya mwisho, mwenzako akatupa uru, mimi nikafuata, wewe ukatupa kopa. Hapo zilikuwa zimeanguka 9. Wewe huna, mwenzako hana, wifi yake imekwisha. Ya kumi ilikuwa kwa nani? Na pao sikuwa nayo tangu mapema. Wote mliniona nikitupa sita ya uru pale wifi alipokula na mfalme wa pao, wewe ukaweka ndogo ili kuibana ree yako.

Baadaye ukala kwa ree ya uru, zamu ya kuanza ikawa yako, ukaibwaga ile ree ya pao katikati ya meza ukiamini hakuna wa kuigusa. Wifi alikuwa na pao mbili, ya tatu na saba. Angeweza kuweka ya tatu. Aliweka saba, alama 10 juu ya 11 zako, na macho hakuyainua. Mwenzako akaweka ndogo. Nami nikapiga mbili ya shupaza. Alama 21 zikaja kwetu, tukavuka 61.

Ukauliza, "Alijuaje?"

Kaka, mwanzoni nilidhani unamsifu. Nikawa natabasamu. Ukauliza tena, sauti imebadilika, ndipo ukasema mbele ya marafiki zetu wote kwamba tunapeana ishara, kwamba wifi ameshika sikio. Karata zako ukazitupa, mbili zikaingia chini ya kiti. Mtoto wa mwenye nyumba akaziokota, akauliza, "Nani kashinda?" Hakuna aliyemjibu. Wifi alikuwa anapanga karata tulizokula, nne nne kama kawaida yake, mkono ukasimama palepale ukiwa na ile ree yako. Hakuiweka chini wala hakuirudisha. Mengine yote ya usiku ule naweza kuyaacha yapite. Ule mkono siwezi.

Ungenishuku mimi peke yangu ningekuelewa, mimi na wewe tumegombana tangu utotoni na tumepatana. Lakini ulijua vizuri kwamba mimi najua kuhesabu, kwa sababu hesabu hiyo ni yako. Uliyeshindwa kumwamini ni yeye. Miaka yote amepita nyuma ya kiti chako, amesimama, ametazama zinazoanguka, nawe hukuwahi kumuuliza ameona nini. Siku anakaa mezani na kukuonyesha alichojifunza kwako, ukamwita mwizi.

Ukasema pia kwamba nilizipanga nilipokuwa nachanga. Wataalamu wawili wa hesabu, Dave Bayer na Persi Diaconis, walionyesha mwaka 1992 kwamba kasha la karata 52, ukiligawa nusu mbili na kuzipachanisha mara 7 hivi, limechanganyika vya kutosha. Zetu ni 40, na nilizichanga nusu kwa nusu mpaka ukaniambia basi. Kisha ulikata kasha mwenyewe, kwa mkono wako. Ningepanga nini?

Nimesikia siku hizi unasema utacheza drafti tu, kwa sababu kwenye drafti hakuna mwenza wala ishara. Ni kweli, kila kitu kiko wazi. Jonathan Schaeffer na wenzake kule Kanada waliichambua kwa kompyuta drafti ya Kiingereza, ile ya kete 12 kila upande, tangu 1989. Mwaka 2007 wakatangaza kwamba wachezaji wote wawili wasipokosea, mchezo unaisha sare. Ni kazi ya ajabu na naiheshimu. Lakini mimi jioni zile nilikuwa nakuja kwa ajili ya kukaa mkabala na mtu ambaye siioni karata yake hata moja, nikaweka saba yangu mezani kwa kumwamini. Hicho kwenye drafti hukipati, na ndicho ulichokiita wizi.

Ushauri wangu, kama mdogo wako, ni kwamba ukishindwa uhesabu kwanza, halafu ndiyo useme. Zigeuze zilizoliwa, zipange kwa aina, utazame nani alitupa nini na lini. Mimi nilitaka tufanye hivyo palepale. Nilikwambia, "Kaka, tuzigeuze," ukawa umeshavaa viatu. Wifi akakufuata. Alikufuata, unasikia? Baada ya maneno yale alikufuata nyumbani.

Jumamosi tunakutana palepale. Njoo, na safari hii ukae na wifi upande mmoja, mimi nitakaa na rafiki yako. Hujawahi kuwa na mwenza anayehesabu namna ile, utafurahi mwenyewe. Ila kabla hamjagawa, mwambie mbele ya walewale waliosikia kwamba hakutoa ishara yoyote. Kwangu mimi unaweza kuja siku nyingine, nitangoja. Yeye mwambie Jumamosi.

Mdogo wako