Adhabu ya kifo: Bunge lianze na kifungu cha 197

Ndugu Mhariri,

Kila yanapotokea mauaji ya kutisha, watu hudai wahusika wanyongwe. Uchungu wao ni wa haki. Lakini wengi hudhani kitanzi kimewekwa kwa ajili ya mtu aliyepanga kuua akaua. Sheria ya Tanzania Bara imekwenda mbali zaidi ya hapo.

Kifungu cha 200 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kuwa kuna nia ovu, inayolifanya kosa kuwa la mauaji ya kukusudia, hata pale mtu alipotaka kujeruhi vibaya tu, au alipokusudia kutenda kosa ambalo adhabu yake inazidi kifungo cha miaka mitatu. Ongeza hapo kanuni ya nia ya pamoja: kijana aliyebaki nje akiangalia njia wakati wenzake wanavamia nyumba anaweza kukutwa na hatia ya mauaji sawa na aliyeshika panga. Akishatiwa hatiani, kifungu cha 197 kina adhabu moja, kunyongwa hadi kufa, isipokuwa kwa mjamzito. Mwanamke aliyepigwa na mumewe kwa miaka, mgonjwa wa akili aliyepimwa katika taasisi ya Isanga, Dodoma, akaonekana maradhi yake hayajafikia kiwango cha sheria, na jambazi aliyelipwa ili aue, wote husomewa adhabu ile ile. Wakili akisimama kuomba mteja wake apunguziwe, jaji hana cha kupunguza. Kosa la kuua bila kukusudia linampa jaji uwanja mpana hadi kifungo cha maisha, na mara nyingi kinachotenganisha makosa hayo mawili ni ushahidi wa nani alianza ugomvi na pigo lilitua wapi.

Na ushahidi huo ni wa namna gani? Matukio mengi ni ya usiku. Tangu mwaka 1980 Mahakama ya Rufani imesisitiza kwamba utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu: shahidi aeleze mwanga ulitoka wapi na ulikuwa na nguvu kiasi gani, alisimama umbali gani, alimtazama mtu huyo kwa muda gani, na kama alimfahamu kabla. Shahidi husema tu "kulikuwa na taa", na mpelelezi haulizi kama ni koroboi au balbu. Maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayotoa polisi baada ya kuonywa kuhusu haki zake, nayo yanapaswa kuandikwa ndani ya saa nne tangu mtuhumiwa akamatwe, labda muda uwe umeongezwa kisheria. Kuna yanayoandikwa siku ya pili au ya tatu. Mahakama ya Rufani imefuta hukumu nyingi za kifo kwa dosari kama hizi, na kila moja ilitolewa na jaji aliyeridhika kwamba kesi imethibitishwa pasipo shaka. Kosa lisilogunduliwa kwenye rufaa lina nafasi finyu mno ya kurekebishwa kwa mapitio, yaani Mahakama ya Rufani kuipitia tena hukumu yake yenyewe. Baada ya hapo imebaki huruma ya Rais.

Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Dodoma, alitamka kwamba adhabu hii inakiuka Katiba. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa ni ya kikatili na inadhalilisha utu, ila ikaiacha kwa kuegemea ibara ya 30(2), yaani kwa maslahi ya umma. Hapo ndipo ninapokataa kabisa. Dola haiwezi kukiri kwamba jambo ni ukatili kisha ikajipa ruhusa ya kulitenda, hata kama anayetendewa ametenda uovu mkubwa. Isitoshe, tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa. Ni maslahi gani ya umma yaliyolindwa muda wote huo kwa kamba isiyotumika? Waliohukumiwa ndio wanaoishi wakisubiri, bila kujua Rais ajaye atasaini au la.

Wanaotaja kisasi katika Uislamu wakumbuke kwamba sheria hiyo inawapa ndugu wa marehemu haki ya kusamehe au kupokea dia, yaani fidia ya damu. Kifungu cha 197 hakiwapi hata nafasi ya kusikilizwa.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapa hapa nchini, Arusha, iliamua tarehe 28 Novemba 2019 kwamba adhabu ya kifo ya lazima inakiuka haki ya kuishi, na kwamba kunyonga kunavunja utu. Iliipa serikali mwaka mmoja kurekebisha sheria. Uganda iliondoa ulazima huo mahakamani mwaka 2009, Kenya mwaka 2017. Rwanda na Burundi zimefuta adhabu yenyewe.

Bunge lifute kifo katika kifungu cha 197 na kuweka kifungo cha maisha kuwa kikomo, jaji apime chini ya hapo. Waliokwisha kuhukumiwa warudishwe Mahakama Kuu kupangiwa adhabu upya, ikiwepo taarifa ya ustawi wa jamii na kauli ya familia ya marehemu. Muswada ukisubiriwa, Rais anaweza kutumia ibara ya 45 ya Katiba, inayompa mamlaka ya kutoa huruma, kuwabadilishia adhabu wote walioko kwenye vyumba vya kusubiri kunyongwa.

Wakili wa kujitegemea,
Dodoma