Barua ya Wazi kwa Kamati za Michango: Msingoje Njaa Itangazwe

Assalaam aleikum wanangu,

Nawaandikia ninyi vijana wa Mombasa na Nairobi ambao kila ukame unapoikumba Somalia huzunguka misikitini na sokoni mkichangisha. Kazi yenu naiheshimu. Nasaha yangu inahusu wakati mnaoianza, kwa sababu huianza pale picha za watoto waliokondeana zinapofika kwenye simu zenu, na kwa mtoto wa mfugaji hapo mmekwisha kuchelewa.

Kumbukeni 2011. Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa kusini mwa Somalia tarehe 20 Julai, na hesabu zilizofanywa baadaye zilionyesha kuwa walikufa watu wapatao 260,000, nusu yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano, na kwamba karibu nusu ya vifo hivyo vilitokea kabla ya tangazo. Mwaka 2022 baa la njaa halikutangazwa kabisa, lakini watafiti walikadiria vifo vya ziada, yaani juu ya vile vya kawaida, 43,000, nusu yake tena vya watoto wadogo. Sijui ni nani aliyewafariji mama zao kwamba kiwango cha kutangaza baa la njaa hakikufikiwa.

Mtoto wa mfugaji huishi kwa maziwa. Malisho yakikauka, mbuzi hukaukiwa, kisha huharibu mimba, kisha hufa. Mama naye hupunguza mlo wake ili wanawe wapate. Muuguzi akimzungushia mtoto utepe wa kupimia mkono na ukasoma chini ya sentimita 11.5, mtoto huyo ana utapiamlo mkali, na mkono wake unaenea ndani ya duara la kidole gumba na cha shahada. Mara nyingi kinachomwua ni surua au kuhara, maradhi ambayo mwenzake aliyeshiba huyashinda.

Watakuwapo wa kuwaambia kwamba ukame wa huko ni wa tangu jadi. Ni kweli, na wafugaji walikuwa na njia zao za kuhama na kusaidiana mifugo. Lakini kuanzia mwishoni mwa 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na wanasayansi waliouchunguza ukame huo walisema mabadiliko ya tabianchi yaliongeza uwezekano wake angalau mara 100, hasa kwa joto linalonyonya unyevu ardhini. Familia haiwezi kulirudisha kundi lake la mbuzi kwa mwendo huo.

Kwa hiyo fuateni mvua, msifuate picha. Huko Somalia mvua za msimu wa gu hutarajiwa kati ya Aprili na Juni, na za msimu wa deyr kati ya Oktoba na Desemba. Misimu miwili ikikosekana, anzeni kuchanga, na mpeleke fedha kwa simu badala ya magunia, maana wakati huo soko bado lina chakula na mama anaweza kununua maji ya wale mbuzi wachache wanaokamuliwa. Mwaka 2017 misaada iliwahi zaidi, na baa la njaa likaepukwa. Tengeni pia fungu la mabinti, kwani hali ikibana wao ndio hutolewa shuleni kwanza, wengine wakaozwa.

Kituo cha tabianchi cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, kilichopo hapa Kenya, hutoa utabiri kabla ya kila msimu. Kila kamati imteue mmoja wa kuufuatilia, na mweka hazina apewe idhini ya kutoa fungu la kwanza bila kungoja kikao.

Ni mimi bibi yenu, muuguzi mstaafu,
Mombasa